Nani Hulipia Ngumi ya Shujaa?

Kila msomaji wa katuni za mashujaa ameiona ngumi hii mara nyingi kiasi kwamba hata haitazami tena. Kijana ambaye hadi juzi alikuwa karani au mwanafunzi anavaa barakoa, anaingia kichochoroni, anamkuta jambazi na kumtandika ngumi moja ya taya. Jambazi anaanguka na kuzirai, na katika fremu inayofuata kijana wetu amesimama juu ya paa akiutazama mji. Mchoro umependeza, msomaji anafungua ukurasa mwingine. Lakini mtu asiyefunzwa kupigana akimpiga mwenzake usoni kwa nguvu zake zote, ana hatari kubwa ya kuvunja mkono wake mwenyewe, hasa mfupa wa kiganja unaobeba kidole cha mwisho. Ni jeraha ambalo madaktari wa mifupa wanalifahamu vizuri. Na mtu aliyepigwa akazirai kwa zaidi ya dakika chache hakulala usingizi: ubongo wake umeumia, na huenda asiamke akiwa mtu yuleyule, kama ataamka. Kwa hesabu za kawaida, kijana aliye juu ya paa amevunjika mkono na pengine ameua.

Siyasemi haya ili kuzikejeli katuni hizo, kwani nimezisoma tangu utotoni na bado nazisoma. Nayasema kwa sababu wasomaji wanapobishana kuhusu uhalisia wa hadithi za watu wa kawaida wanaogeuka mashujaa, ubishi huishia kwenye mambo mawili yasiyo na uzito: kama nguvu zenyewe zinawezekana kisayansi, na kama damu imechorwa ya kutosha. Nguvu hizo haziwezekani. Hilo tulilikubali tulipofungua kitabu. Msomaji humruhusu mwandishi uongo mmoja mkubwa, kwamba buibui amemng'ata mvulana na mvulana akapanda ukutani, na baada ya hapo anamdai ukweli katika kila kitu kingine. Kinachobaki ni deni. Uwezo huu unagharimu nini, na gharama hiyo inatoka wapi: katika mwili wa shujaa, katika mfuko wake, katika usingizi wa familia yake, au kwa mpita njia ambaye hakuombwa ruhusa? Katuni yenye uhalisia, kwa maoni yangu, ni ile inayolichora deni hilo likilipwa mbele ya macho yetu.

Superman, aliyetokea katika toleo la kwanza la Action Comics mwaka 1938, hakuwa mtu wa kawaida bali mgeni kutoka sayari nyingine, lakini hata waundaji wake, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliona haja ya kujitetea. Walimkumbusha msomaji kwamba sisimizi hubeba mizigo inayouzidi uzito wake mara nyingi na kwamba panzi huruka mbali kuliko umbo lake linavyoashiria. Wakati huo Superman hakuwa akipaa angani. Aliruka tu, umbali wa thumuni ya maili, yaani mita 200 hivi. Ni maelezo ya kupendeza, ila sidhani kama yupo msomaji aliyemwamini Superman kwa sababu ya sisimizi.

Mambo yalibadilika katika toleo la 15 la Amazing Fantasy, la Agosti 1962, pale Stan Lee na Steve Ditko walipomleta Peter Parker, yaani Spider-Man. Nguvu zilimwangukia mwanafunzi mpweke, na jambo la kwanza alilolifanya halikuwa kuokoa mtu bali kutafuta fedha: akaingia kwenye ulingo wa mieleka, akaonekana katika televisheni, na mwizi alipopita mbele yake akikimbizwa alimwacha aende zake kwa kuwa kumkamata hakukuwa kazi yake. Mwizi huyo ndiye aliyekuja kumwua Ben, mjomba aliyemlea. Sehemu hii inasimuliwa na kila mtu, hata wasiowahi kushika kitabu chenyewe.

Mimi huvutiwa zaidi na tukio dogo lililomo katika toleo la kwanza la The Amazing Spider-Man, mwaka 1963. Mjomba ameshazikwa, kipato hakipo, na shangazi May anaweka vito vyake rehani kwa siri ili nyumba iende. Peter anarudi jukwaani, watu wanajaa, onyesho linafana, lakini kwa kuwa hataki jina lake lijulikane, mwenye onyesho anamwandikia hundi kwa jina la Spider-Man. Anakwenda benki akiwa amevaa vazi lake lote na kusimama mbele ya dirisha la karani kama mteja mwingine yeyote. Karani anaomba kitambulisho. Peter anaona vazi lingetosha kumtambulisha. Karani anamjibu kwamba vazi anaweza kulivaa mtu yeyote. Anayetoka katika benki hiyo ni mvulana anayeweza kutembea darini lakini hawezi kuzitoa fedha alizozitolea jasho, na kinachomzuia ni barakoa ileile inayomlinda. Hakuna damu hapo, wala hakuna sayansi, na sijui kurasa nyingi za katuni zenye uhalisia kuliko huo ukurasa mmoja.

Mchoro wenyewe ulisaidia. Ditko alimchora Peter mwembamba, mwenye miwani mikubwa na mabega ya mtu aliyezoea kusukumwa kwenye korido za shule, na hata ndani ya vazi hakumpa misuli ya sanamu. Wapo wachoraji hodari waliokuja baadaye wakichora kila mkunjo wa nguo na kila kivuli cha uso kana kwamba wanapiga picha, nami nawaheshimu kwa ustadi huo, lakini uso unaofanana na picha hausaidii kitu ikiwa mwenye uso huo hachelewi kazini, haumwi mgongo na hadaiwi pango la nyumba.

Deni kubwa zaidi katika hadithi ya Peter lilidaiwa mwaka 1973, katika toleo la 121 la The Amazing Spider-Man, lililoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Gil Kane. Adui anamtupa Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, kutoka juu ya daraja. Peter anarusha utando, unamnasa mguuni, anasimama ghafla hewani. Karibu na shingo yake kimeandikwa kimlio kidogo, cha kitu kinachokatika, kidogo kiasi kwamba msomaji mwenye haraka hukipita. Peter anamvuta juu akijisifu kwa uhodari wake, kisha anagundua kwamba amekumbatia maiti. Mwanafizikia James Kakalios wa Chuo Kikuu cha Minnesota, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu fizikia ya mashujaa, alilifanya tukio hili kuwa somo: mwili uliokwisha kupata kasi kubwa ukisimamishwa katika muda mfupi mno, nguvu inayousimamisha huwa kubwa mno, na mwili hautofautishi kama kilichousimamisha ni utando, maji au lami. Kwa miaka 35 mashujaa walikuwa wakiwadaka watu wanaoanguka kutoka maghorofani bila hata mmoja kuteguka bega. Siku hiyo fizikia ilikuja kudai chake, na ilikidai kwa mtu asiyekuwa na hatia wala nguvu zozote.

Katuni ina mahali pake pa kuficha madeni ya namna hii, nayo ni ule mwanya mweupe kati ya fremu na fremu. Ndani ya mwanya huo inaweza kupita nusu sekunde au miezi sita, na msomaji ndiye anayeujaza kwa akili yake mwenyewe. Ndimo linamosukumwa kila jambo lisilopendeza: kufungwa kidonda, kufua vazi lililolowa jasho, kumdanganya bosi, kulala mchana kutwa na kukosa mtihani. Siwalaumu wachoraji kwa kuutumia, maana bila mwanya huo hakuna katuni. Hata hivyo, uamuzi wa nini kiingie ndani ya fremu na nini kiachwe nje ndio uhalisia wenyewe. Mchoraji akitumia fremu nne kuonyesha mtu akijaribu kuvua glavu kwenye mkono uliovimba, akishindwa, akiikata kwa mkasi, kisha akiitazama glavu aliyoishona kwa wiki nzima ikiwa imechanika vipande viwili, amenieleza habari za shujaa huyo kuliko kurasa kumi za mapigano.

Watchmen, ambayo Alan Moore na Dave Gibbons waliitoa katika matoleo 12 kati ya mwaka 1986 na 1987, ilifahamu jambo hili. Karibu mashujaa wake wote ni watu wasio na nguvu zozote, waliovaa mavazi kwa sababu zao mbalimbali, nyingine za aibu. Yumo mmoja anayetajwa kwa ufupi, Dollar Bill, aliyeajiriwa na benki ili awe tangazo lake la biashara. Vazi lake lilibuniwa ili livutie watu, kwa hiyo lilikuwa na joho. Siku moja akijaribu kuwazuia wezi, joho hilo likanaswa na mlango wa kuzunguka wa benki, na kabla hajajinasua akapigwa risasi kwa karibu. Habari yote haizidi sentensi chache, lakini baada ya kuisoma sijaweza kulitazama joho la shujaa yeyote bila kuutafuta mlango ulio karibu.

Bahati mbaya ni kwamba wengi waliofuata njia hiyo waliokota damu wakauacha mlango. Baada ya Watchmen zikaja katuni nyingi ambamo mashujaa wanakunywa, wanatukana, wanabaka na kuwachana watu vipande, na wachapishaji wakaziita za kikubwa na za kweli. Ukatili huo nao ni ndoto tu, ila ndoto ya aina nyingine. Mtu anayeua watu 20 katika ukurasa mmoja na kurudi nyumbani kulala hana uhalisia zaidi ya yule anayepaa. Pengine anao pungufu, kwa sababu anayepaa angalau alituomba ruhusa ya uongo wake tangu mwanzo.

Kick-Ass ya Mark Millar na John Romita Jr., iliyoanza mwaka 2008, inanitatiza kwa sababu ina mambo yote mawili. Dave Lizewski ni mwanafunzi asiye na uwezo wowote, anavaa vazi la wapiga mbizi na kutoka usiku, na katika jaribio lake la kwanza anachomwa kisu kisha anagongwa na gari. Anaishia hospitalini, na mwili wake unaunganishwa kwa vipande vya chuma. Hadi hapo sina la kulalamikia. Kisha anatokea msichana mdogo anayewafyeka majambazi wazima kwa panga bila kuchubuka, na tangu hapo kitabu kinadai tukubali uongo wa pili bila kutuomba. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa huishia palepale ambapo msomaji anaacha kuogopa kwa niaba ya Dave. Hata hivyo Millar anarudi kwenye kweli kupitia mlango ambao sikuutarajia: baba wa msichana, aliyejitambulisha kama polisi wa zamani anayelipiza kisasi cha mke aliyeuawa, anakiri mwishoni kwamba alikuwa mhasibu tu, mpenzi wa katuni aliyechoshwa na maisha yake, akamtorosha bintiye ili wote wawili wawe na maisha ya kusisimua. Ukiri huo unatisha kuliko panga zote, maana unajibu swali ambalo hadithi nyingi hulikwepa: mtu mzima mwenye akili timamu anavaa barakoa kwa nini?

Wajapani wamelishughulikia suala la mwili kwa subira zaidi. Katika My Hero Academia, iliyoanzishwa na Kōhei Horikoshi mwaka 2014, asilimia 80 hivi ya watu wana uwezo fulani, na Izuku Midoriya ni miongoni mwa wasio nao. Anapoahidiwa kurithishwa nguvu, hapewi papo hapo. Anaambiwa kwamba mwili wake ungepasuka, na kwa miezi kumi anafanya kazi ya kusafisha ufuo uliojaa takataka, akiburuta friji na matairi mchangani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Midoriya anainama kwelikweli. Hata baada ya maandalizi hayo, ngumi yake ya kwanza katika mtihani wa kuingia shule inamvunja mkono na miguu yote miwili. Anaponywa, tena upesi mno kwa ladha yangu, lakini baadaye mganga wa shule anamweleza wazi kwamba hatamponya tena majeraha ya kujitakia kama hayo, na makovu ya mkono yanabaki.

Sheria ni eneo ambalo katuni nyingi hulipita mbio, nami sishangai, maana ni gumu kuchora. Jambazi aliyefungwa kamba na kuachwa mlangoni mwa kituo cha polisi pamoja na kijikaratasi si zawadi kwa polisi. Nani alimwona akiiba? Nani atasimama mahakamani kuulizwa maswali na wakili wa utetezi? Shahidi mwenye barakoa asiyetaja jina lake si shahidi, na mtuhumiwa aliyevunjwa taya na mtu asiyejulikana anaweza kugeuka kuwa mlalamikaji. Mwaka 2011 mjini Seattle, mtu aliyejiita Phoenix Jones, aliyekuwa akizunguka usiku akiwa na barakoa na fulana ya kuzuia risasi, alikamatwa baada ya kuwapulizia watu dawa ya pilipili, akisema kwamba alikuwa akiamua ugomvi. Hakufunguliwa mashtaka, lakini alipofika mahakamani ilibidi avue barakoa. Mwandishi wa katuni asingebuni tukio bora kuliko hilo.

Mfano wa kinyume ni Superbarrio wa Mexico City. Tetemeko la ardhi la mwaka 1985 liliwaacha watu wengi bila makazi, na mwaka 1987, katika harakati za wapangaji, akatokea mtu mwenye barakoa ya mwanamieleka na vazi jekundu na la njano. Hakumpiga mtu yeyote ngumi. Alisimama kwenye milango ya nyumba ambazo wapangaji walikuwa karibu kutolewa vyombo nje, akaongoza maandamano, akakaa mezani na maofisa kujadili nyumba. Barakoa yake haikuficha mtu tu. Ilikuwa njia ya kusema kwamba nyuma yake angeweza kuwapo mpangaji yeyote. Laiti mchoraji mmoja mwenye moyo angeamini kwamba msomaji anaweza kusisimkwa na mkutano wa saa tatu ambamo shujaa, jasho likimtiririka ndani ya kitambaa, anasubiri zamu yake ya kuzungumza.

Kuhusu wapita njia wanaolipia vita visivyo vyao, nakumbuka utendi wa Fumo Liyongo, ambaye hakuwa mtu wa kawaida hata kidogo. Anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuuvuta upinde, na anakufa katika hali hiyo. Mji mzima unaogopa kuteka maji kwa sababu unadhani yu hai, hadi mama yake anaitwa. Msimulizi wa zamani angeweza kumaliza kwenye kifo cha shujaa, lakini aliwakumbuka wenye kiu. Katuni za Marekani zilichukua muda kuwakumbuka: mwaka 1989 Dwayne McDuffie na Ernie Colón walitoa Damage Control, habari za kampuni ambayo kazi yake ni kuzoa vifusi baada ya mashujaa kupigana. Waliifanya kichekesho, na kinachekesha kweli, ila ninapoisoma najikuta nikiwaza walioishi ndani ya maghorofa hayo.

Katuni za karibuni zimeitazama familia vizuri zaidi. Kamala Khan, msichana wa Jersey City aliyepewa kitabu chake mwaka 2014 kwa kalamu ya G. Willow Wilson, anatengeneza vazi lake la kishujaa kutoka kwenye vazi la kuogelea lenye stara alilonalo nyumbani, na anayemtisha kila usiku anaporudi kwa dirisha si adui bali wazazi wake. Kwezi wa Loyiso Mkize, kutoka Afrika Kusini, anaanza kwa kuutumia uwezo wake kutafuta umaarufu mitandaoni, jambo ambalo nadhani vijana wengi wangelifanya kabla ya kufikiria kumwokoa mtu.

Kinachozizuia katuni nyingi kulipa madeni yao si uvivu wa waandishi bali namna zinavyouzwa. Kitabu kinachotoka kila mwezi kwa miongo kadhaa hakiwezi kumwacha shujaa wake azeeke, apate kilema, afungwe au aache kazi hiyo kwa ajili ya mkewe, kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa hesabu hufutwa na kuanzwa upya. Peter Parker alioa mwaka 1987. Mwaka 2007, ili kuyaokoa maisha ya shangazi yake aliyepigwa risasi, alikubaliana na shetani Mephisto kwamba ndoa yake ifutwe kana kwamba haikuwahi kuwapo. Gharama ya miaka 20 iliondolewa daftarini kwa mkataba wa kishetani, na yule mvulana aliyeshindwa kupokea hundi benki akarudishwa kwenye ujana wake ili mauzo yaendelee. Hadithi fupi hazina haja ya hila kama hiyo, kwani Watchmen ilijua tangu toleo la kwanza kwamba toleo la 12 lipo. Ndiyo maana nikishika katuni mpya ya mtu wa kawaida aliyevaa barakoa, huuliza kwanza imepangiwa matoleo mangapi, ndipo niangalie ni nani aliyeichora.